Hati ya Haki ya Hong Kong (1991) iliingiaje ndani ya katiba iliyokuwa bado haijaanza kutumika?

MwanafunziWaSheria aliuliza:

Wanajukwaa, salamu zenu.

Naandika tasnifu juu ya maeneo yaliyohamishwa kutoka mamlaka moja kwenda nyingine bila kupitia uhuru, na nimeichagua Hong Kong kwa sababu nyaraka zake zinapatikana na mfuatano wa tarehe zake unajulikana. Nimekwama mahali pamoja, na kila nikirudi vitabuni naona waandishi wanapapita mbio kana kwamba jambo lenyewe ni dogo.

Hali ilikuwa hivi. Uingereza na China zilitia saini Tamko la Pamoja tarehe 19 Desemba 1984, zikakubaliana kwamba Hong Kong itarudi China tarehe 1 Julai 1997 na kwamba mfumo wake wa sheria utaendelea. Sheria ya Msingi, ambayo wengi huiita katiba ndogo ya Hong Kong, ilipitishwa na Bunge la Umma la China tarehe 4 Aprili 1990, kisha ikawekwa kusubiri siku yake. Tarehe 8 Juni 1991, ndani ya kipindi hicho cha kungoja, Hati ya Haki ya Hong Kong ikaanza kutumika. Hapo ndipo ninapopata shida. Katiba ijayo ilikuwa imekwisha kuandikwa lakini haijaanza kazi, ilhali hati ya haki ilitungwa na serikali iliyokuwa ikifunga mizigo, tena ikitarajiwa kuishi chini ya katiba ambayo serikali hiyo haikuipitisha.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, Hati hiyo ilikuwa sheria ya kawaida ya Baraza la Kutunga Sheria la koloni, na sote tulifundishwa kwamba sheria mpya ikigongana na ya zamani, mpya ndiyo inayosimama. Iliwezaje basi kuzidhibiti sheria zilizotungwa baada yake? La pili, tarehe 23 Februari 1997 Kamati ya Kudumu ya Bunge la Umma iliamua kwamba vifungu vya 2(3), 3 na 4 vya Hati hiyo vinapingana na Sheria ya Msingi na kwamba havitapokelewa kuwa sheria za Hong Kong baada ya makabidhiano. Je, kilichobaki ni hati ya haki kweli, au ni orodha tu ya matamanio mema?

Nitatumia neno "kifungu" kwa sheria zilizotungwa Hong Kong na "ibara" kwa Sheria ya Msingi na mikataba, ili tusichanganyane.

Mzee wa Mashauri alijibu:

Mwanangu, swali lako la kwanza limebeba dhana ambayo ni lazima tuiondoe kabla ya kwenda mbele, kwa kuwa ndiyo iliyowapoteza wengi. Hati ya Haki yenyewe haikuwahi kudai kwamba inazishinda sheria zitakazotungwa baada yake. Visome tena vifungu vile vitatu polepole. Kifungu cha 3 kinatazama nyuma: sheria iliyokuwepo kabla ya tarehe 8 Juni 1991 isomwe kwa namna inayopatana na Hati, na kama haiwezekani kuisoma hivyo, basi imefutwa kwa kiwango kile inachopingana nayo. Kifungu cha 4 kinatazama mbele, lakini kwa sauti ya chini zaidi: sheria itakayotungwa baadaye isomwe, pale inapokubali kusomwa hivyo, kwa kupatana na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kama unavyotumika Hong Kong. Hakuna mahali kifungu hicho kinaposema kwamba sheria ya baadaye isiyokubali kusomwa hivyo itakuwa batili. Waandishi wake walijua vizuri kanuni uliyofundishwa, kwamba chombo cha kutunga sheria hakiwezi kuifunga mikono yake ya kesho kwa sheria ya kawaida.

Kufuli lilifungwa mahali pengine. Koloni la Hong Kong lilikuwa na katiba yake, nayo ni Hati ya Kifalme ya mwaka 1917, iliyotolewa na mfalme wa Uingereza na ambayo Baraza la Hong Kong halikuwa na uwezo wa kuigusa. Siku ileile Hati ya Haki ilipoanza kutumika, yalianza kutumika pia marekebisho ya Ibara ya VII ya Hati ya Kifalme. Marekebisho hayo yalisema mambo mawili: kwamba masharti ya Mkataba huo wa kimataifa, kama yanavyotumika Hong Kong, yatatekelezwa kupitia sheria za Hong Kong; na kwamba tangu hapo hakuna sheria ya Hong Kong itakayotungwa ambayo inabana haki na uhuru kwa namna isiyopatana na Mkataba huo. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1992 au 1995 iliyokiuka haki ilianguka kwa kuwa imeikiuka katiba ya koloni, wala si kwa kuwa imeikiuka Hati ya Haki.

Sasa chukua Ibara ya 39 ya Sheria ya Msingi, uiweke kando ya maneno hayo. Inasema kwamba masharti ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ya Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, na ya mikataba ya kimataifa ya kazi, kama yanavyotumika Hong Kong, yataendelea kuwa na nguvu na yatatekelezwa kupitia sheria za Mkoa wa Utawala Maalumu, yaani Hong Kong yenyewe baada ya makabidhiano. Aya yake ya pili inasema kwamba haki na uhuru wa wakazi hautabanwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na kwamba vizuizi hivyo havitapingana na aya ya kwanza. Unaona ufanano? Haukutokea kwa bahati. Rasimu ya Hati ya Haki ilitolewa kwa umma Machi 1990, Sheria ya Msingi ikapitishwa Aprili, na muswada wenyewe ukapelekwa Barazani Julai mwaka huo, kwa hiyo waliokuja kurekebisha Hati ya Kifalme mwaka 1991 walikuwa na Ibara ya 39 mezani. Waliazima maneno ya katiba ijayo wakayatia ndani ya katiba inayokufa, ili usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 1997, nguvu ya Hati ya Kifalme itakapokoma, nguvu ya namna ileile iwe imekwisha kusimama upande wa pili.

Ndiyo maana mimi husema kwamba swali la Februari 1997 lina kishindo kikubwa kuliko madhara yake. Vifungu vya 3 na 4 vingeweza kuondoka bila ulinzi huo wa haki kubomoka, kwa kuwa havikuwa nguzo yake.

Jambo moja la pembeni ambalo usiliache katika tasnifu yako. Hati ya Haki ilinakili Mkataba karibu neno kwa neno, lakini iliunakili pamoja na mipaka ambayo Uingereza iliiweka ilipouridhia mwaka 1976. Kifungu cha 13 kinasema wazi kwamba haki ya kushiriki katika uongozi hailazimishi kuwapo kwa Baraza la Utendaji au la Kutunga Sheria linalochaguliwa. Tena kifungu cha 14 kiliziachia sheria sita nafasi ya mwaka mmoja kabla Hati haijazigusa, zikiwemo za uhamiaji, za polisi, za vyama na za kuzuia rushwa. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka jambo linalofanana na hilo: haki za binadamu ziliingia katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 1984, lakini mahakama hazikuruhusiwa kuzisimamia hadi Machi 1988. Serikali zinapotoa haki hupenda kujipa muda wa kupanga nyumba kwanza.

Kalamu Baridi alijibu:

Namheshimu Mzee wa Mashauri na maelezo yake ya Hati ya Kifalme ni sahihi, ila ameusimulia mkasa huu kama unavyosimuliwa na upande mmoja, na mwanafunzi atakayeandika tasnifu anapaswa kuusikia upande wa pili kwa nguvu zake zote, hata kama mwishowe hataukubali.

Beijing iliona nini? Iliona kwamba Tamko la Pamoja la mwaka 1984 liliahidi sheria zilizopo Hong Kong zibaki kimsingi kama zilivyo. Sheria ya Msingi ikapitishwa kwa kuzingatia sheria hizo. Halafu, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya katiba ijayo kupitishwa, serikali inayoondoka ikatunga sheria moja inayofagia nyingine zote na kufuta zile zisizopatana nayo, kisha ikarekebisha sheria kadhaa kubwa, kama ile ya utulivu wa umma na ile ya vyama, kwa hoja kwamba Hati ya Haki inataka hivyo. Kwa macho ya aliyekuwa anasubiri kukabidhiwa nyumba, huko ni kubadilisha vitasa siku chache kabla ya kuhama. Tukumbuke pia kwamba muswada ulitungwa katika kivuli cha matukio ya Juni 1989 ya Uwanja wa Tiananmen, Beijing, wakati imani ya watu wa Hong Kong ilipokuwa imetikisika na Uingereza ikitaka kuonyesha kwamba haijawatupa. Hati ilikuwa sheria, lakini ilikuwa pia tamko la kisiasa, na China iliisoma hivyo.

Hoja ya kisheria ya China ilikuwa na umbo lake. Ibara ya 11 inasema kwamba hakuna sheria itakayotungwa na chombo cha kutunga sheria cha Mkoa ambayo itapingana na Sheria ya Msingi, na Ibara ya 8 inazihifadhi sheria zilizokuwepo isipokuwa zile zinazopingana nayo. Maana yake ni kwamba kipimo cha sheria za Hong Kong ni kimoja tu, Sheria ya Msingi. Sheria ya kawaida inayojifanya kipimo cha sheria nyingine imekalia kiti kisicho chake. Ibara ya 160 ikaipa Kamati ya Kudumu kazi ya kutangaza, siku ya kuanzishwa kwa Mkoa, ni sheria zipi za zamani zisizopatana na Sheria ya Msingi, na uamuzi wa Februari 1997 ulitolewa chini ya ibara hiyo.

Hata hivyo, mimi mwenyewe siioni hoja hiyo ikisimama hadi mwisho. Kama alivyosema Mzee, vifungu vile havikuwa na hadhi ya juu iliyodaiwa. Kifungu cha 3 kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake: sheria iliyofutwa na kifungu hicho tarehe 8 Juni 1991 ilikufa siku hiyo, na mtu hafufuki kwa sababu cheti chake cha kifo kimechanwa. Kifungu cha 2(3) ndicho kinachoshangaza zaidi kukiona katika orodha, kwa kuwa kinasema tu kwamba anayefasiri Hati akumbuke kuwa lengo lake ni kuuingiza Mkataba katika sheria za Hong Kong. Kilichoondolewa ni bango la mlangoni.

Lakini nina neno na Mzee pia. Anasema Ibara ya 39 ni kioo cha Hati ya Kifalme. Ni kweli kwa maneno. Si kweli kwa aliyekishika kioo. Hati ya Kifalme ilifasiriwa na mahakama za Hong Kong, na rufani ikaenda Baraza la Faragha huko London. Sheria ya Msingi, kwa Ibara ya 158, mamlaka ya kuifasiri yako kwa Kamati ya Kudumu, na mahakama za Hong Kong zinafasiri kwa idhini yake. Ukihamisha sentensi kutoka katiba moja hadi nyingine na kumbadilisha mfasiri, je, bado umehamisha kitu kilekile?

MwanafunziWaSheria aliandika:

Mzee wa Mashauri, shikamoo, na ahsante sana. Ndugu Kalamu Baridi, nakushukuru kwa kunitikisa, maana rasimu yangu ilikuwa na sura nzima inayouchukulia uamuzi wa 1997 kama ubabe mtupu usio na hoja.

Naomba mnivumilie kwa maswali mengine. Ibara ya 39 inasema Mkataba "utatekelezwa kupitia sheria" za Mkoa. Nikiyasoma maneno hayo kwa ukali, Mkataba hauna nguvu wenyewe mahakamani mpaka kuwepo sheria inayouingiza, na sheria hiyo ni Hati ya Haki, ambayo bado ni sheria ya kawaida. Baraza la Kutunga Sheria likiifuta kesho, Ibara ya 39 itakuwa imeshika nini mkononi? Pia Sheria ya Msingi ina Sura ya III yenye haki zake yenyewe, kuanzia Ibara ya 24 hadi ya 42. Haki ikitajwa katika Sura hiyo na katika Hati, tunatumia kipimo cha wapi? Na ikitajwa katika Sura hiyo peke yake?

Bi Mfasiri alijibu:

Mimi si wakili, ila nimefanya kazi ya kutafsiri hukumu kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba maswali ya namna hii hujibiwa vizuri zaidi na kesi kuliko na nadharia. Nitataja chache tu.

Kabla ya makabidhiano, kesi iliyofungua mlango ilikuwa ya Sin Yau-ming, mwaka 1991, miezi michache tu baada ya Hati kuanza. Sheria ya dawa za kulevya ilikuwa na dhana kwamba mtu akikutwa na kiasi kilichozidi kipimo fulani, anachukuliwa kuwa alikuwa nazo kwa ajili ya biashara mpaka athibitishe vinginevyo. Mahakama ya Rufani ilizitupa dhana za namna hiyo kwa kuwa zilimgeuzia mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha, kinyume cha haki ya kuhesabiwa kuwa hana hatia. Hiki ndicho kifungu cha 3 kikifanya kazi kwa mikono yake. Mwaka 1993, katika kesi ya Lee Kwong-kut, Baraza la Faragha lilikubali kwamba kosa moja la zamani la kukutwa na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi, ambalo lilimtaka mshtakiwa aeleze alivyoipata, haliwezi kusimama mbele ya Hati. Lakini likaonya pia kwamba mabishano juu ya Hati yasiachwe yavuke mipaka ya busara, na katika rufani iliyosikilizwa pamoja nayo likaiacha sheria ya fedha za dawa za kulevya iendelee. Wanafunzi hukariri nusu ya kwanza ya hukumu hiyo na kuisahau nusu ya pili.

Mpaka mwingine wa Hati uliwekwa mapema katika kesi ya Tam Hing-yee. Mdaiwa alizuiwa kusafiri kwa ajili ya deni la mtu binafsi, akadai kwamba uhuru wake wa kusafiri umevunjwa, na Mahakama ya Rufani ikasema kwamba Hati, kwa kifungu chake cha 7, inaifunga serikali na mamlaka za umma, haiingii katika ugomvi wa raia na raia.

Baada ya 1997, jibu la swali lako la pili la mwanzo lilitolewa kwa vitendo. Desemba 1999, katika kesi ya Ng Kung Siu, Mahakama ya Rufani ya Mwisho iliombwa kuamua kama kosa la kuinajisi bendera ya taifa na ya Mkoa linapatana na uhuru wa kutoa maoni. Serikali ilishinda kesi hiyo, na waliolalamika juu ya matokeo walikuwa wengi. Lakini angalia njia iliyopitwa: mahakama ilianza na Ibara ya 39, ikaenda kwenye Mkataba kama ulivyoingizwa na Hati ya Haki, ikauliza kama kizuizi kimewekwa kwa sheria na kama kinahitajika kwa lengo linalokubalika. Hakuna aliyesimama kusema kwamba mlango huo ulifungwa Februari 1997.

Kesi ninayoipenda, kwa sababu za kikazi, ni ya Leung Kwok Hung ya Julai 2005. Sheria ya utulivu wa umma ilimruhusu mkuu wa polisi kuzuia au kuwekea masharti maandamano kwa ajili ya "utulivu wa umma", na neno hilo lilifuatiwa kwenye mabano na maneno ya Kifaransa, *ordre public*, yaliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye Mkataba. Mahakama ilisema kwamba dhana hiyo ya Kifaransa ni pana mno. Yafaa kuwa lengo la kikatiba ambalo mtunga sheria hulitazama, lakini haifai kukabidhiwa askari kama kipimo cha kuamua nani aandamane, kwa kuwa raia hawezi kujua mapema kilicho ndani yake. Ikayakata maneno hayo, ikabakiza utulivu wa umma kwa maana ya kuzuia vurugu. Sharti la kutoa taarifa kwa maandamano ya watu zaidi ya 30 likabaki. Ukitaka kuona hatari ya kunakili mkataba wa kimataifa neno kwa neno ndani ya sheria ya nchi bila kujiuliza nani atalitumia kila neno, ni hapo.

Kuhusu Sura ya III, tafuta kesi ya Gurung Kesh Bahadur ya mwaka 2002. Mkazi wa asili ya Nepal aliyekuwa na kibali cha kukaa alizuiwa kuingia aliporejea kutoka safarini. Ibara ya 31 ya Sheria ya Msingi inampa mkazi uhuru wa kusafiri, kutoka na kuingia, kwa upana kuliko Mkataba. Mahakama ikasema kwamba haki iliyomo katika Sheria ya Msingi peke yake haipimwi kwa vizuizi vya Mkataba. Sharti la kuwekwa kwa sheria linabaki, na kingine chochote kinategemea asili ya haki yenyewe. Kwa hiyo Hati ya Haki ni sakafu, na Sura ya III inaweza kujenga juu yake.

Mzee wa Mashauri alijibu:

Marahaba, mwanangu. Bi Mfasiri amenipunguzia kazi, nami nitajibu lile la Hati kufutwa na lile alilonirushia Kalamu Baridi.

Baraza likiifuta Hati bila kuweka nyingine mahali pake, kwa maoni yangu litakuwa limefanya kitendo kinachopingana na Ibara ya 39 yenyewe, kwa kuwa ibara haisemi kwamba Mkataba "unaweza" kutekelezwa kupitia sheria. Inasema utaendelea kuwa na nguvu na utatekelezwa. Sheria ya kufuta ingekuwa ni sheria inayopimwa kwa Ibara ya 11 kama nyingine zote. Hapo Hati ya Haki inapata ulinzi wa namna ya pekee: ni ya kawaida kwa kuzaliwa, lakini imekaa mahali ambapo katiba inataka pasiwe patupu. Linganisha na ule mkataba wa pili, wa haki za kiuchumi na kijamii. Umetajwa katika Ibara ya 39 kwa maneno yaleyale, lakini haukuwahi kutungiwa hati yake, na mahakamani umekuwa na sauti hafifu sana. Hilo linakuonyesha thamani ya Hati kuliko hoja yoyote ya nadharia. Tena kumbuka kwamba China ilitia saini Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1998 lakini haijauridhia. Kwa hiyo Hong Kong ina haki za Mkataba ambao nchi yake haijaridhia, nazo zimeshikwa na ibara moja na sheria moja.

Kuhusu aliyekishika kioo, namkubalia Kalamu Baridi, tena nakiri kwamba nilipita hapo kwa miguu myepesi. Tarehe 29 Januari 1999, katika kesi ya Ng Ka Ling juu ya haki ya makazi, Mahakama ya Rufani ya Mwisho ilisema kwamba ina mamlaka ya kupima hata vitendo vya Bunge la Umma dhidi ya Sheria ya Msingi. Mwezi mmoja baadaye ikalazimika kutoa ufafanuzi, na tarehe 26 Juni mwaka huo Kamati ya Kudumu ikatoa tafsiri yake ya ibara zilizohusika, ambayo mahakama iliifuata katika kesi zilizokuja baadaye.

Jibu zito zaidi lilikuja mwaka 2020. Sheria ya Usalama wa Taifa ilitungwa na Kamati ya Kudumu tarehe 30 Juni mwaka huo na kuingizwa katika Kiambatisho cha III cha Sheria ya Msingi, ambacho ni orodha ya sheria za taifa zinazotumika Hong Kong. Ibara yake ya 4 inataja kwa jina mikataba yote miwili ya haki na kusema kwamba haki hizo zitalindwa. Ibara yake ya 62 inasema kwamba sheria za Hong Kong zikigongana nayo, yenyewe ndiyo itakayosimama. Februari 2021, katika kesi ya Lai Chee Ying iliyohusu dhamana, Mahakama ya Rufani ya Mwisho iliamua kwamba haina mamlaka ya kuitangaza ibara yoyote ya sheria hiyo kuwa batili kwa kupingana na Sheria ya Msingi au na Mkataba. Ilichobaki nacho ni kuisoma, kwa kadiri maneno yanavyoruhusu, kwa kupatana na haki hizo. Na pale ambapo maneno hayaruhusu, haki inasogea pembeni.

Niweke basi jibu langu la kwanza katika kipimo chake. Ibara ya 39 ilipokea kazi ya Hati ya Kifalme kuhusu sheria zinazotungwa Hong Kong, na kazi hiyo ingali inafanyika. Haikupokea kazi yoyote dhidi ya sheria ya taifa iliyoletwa kupitia Kiambatisho cha III. Si kwamba Hati ya Kifalme nayo ilikuwa na uwezo dhidi ya Bunge la London, haikuwa nao. Tofauti ni kwamba kati ya 1991 na 1997 hakuna aliyehitaji kuupima mpaka huo.

MwanafunziWaSheria aliandika:

Nimeelewa sasa kwa nini sura yangu ya tatu ilikuwa haikai sawa: nilikuwa naiuliza Hati ya Haki swali ambalo linapaswa kuulizwa Ibara ya 39 na Ibara ya 158 kwa pamoja. Nitaipanga upya, nianze na Ibara ya VII ya Hati ya Kifalme, kisha nishuke nayo hadi kesi ya dhamana ya 2021. Ila kuna kitu kinanichanganya: nimeifungua Hati ya Haki katika hifadhi rasmi ya sheria za Hong Kong, nikavikuta vifungu vya 3 na 4 bado vimechapishwa mahali pake.

Bi Mfasiri alijibu:

Shuka chini ya vifungu hivyo, mwanangu, utakuta maelezo ya mhariri yanayotaja uamuzi wa tarehe 23 Februari 1997 na kusema kwamba havikupokelewa. Maneno yameachwa yasomeke, nguvu ndiyo iliyoondolewa. Ukivinukuu, vinukuu pamoja na maelezo hayo, maana nimekwisha kuziona kazi mbili za wanafunzi zilizovitumia kana kwamba vingali hai.